Servo Kwanza, Mota Baadaye

Wadogo zangu wapendwa, ujumbe wenu wa safari hii umekuja na swali moja lenye sura nyingi. Umepata seti ya bagi ya rimoti, ile ya kuunda mwenyewe kuanzia skrubu ya kwanza. Labda mjomba aliyeko Dubai amekuletea, labda mmechanga na wenzako mkaiagiza. Umefungua boksi, umekuta chesisi, vifuko vya skrubu vyenye herufi, shokapu za kujaza mafuta kwa mkono wako, mota ya rangi ya fedha, pengine na kidhibiti mwendo. Servo hakuna. Kwenye kijitabu kuna mchoro wa kiboksi chenye waya tatu na maelezo kwamba kinauzwa peke yake. Basi mnaniuliza: dada, ninunue ipi?

Nitawajibu kwa urefu, kwa sababu nimeona mnavyopanga bajeti zenu na mpango wenyewe umenitia wasiwasi. Karibu kila mmoja anaweka akiba ya mota yenye kasi zaidi, halafu servo atachukua yoyote itakayotosha kwa chenji iliyobaki. Geuzeni mpango huo. Mota iliyokuja ndani ya boksi inatosha kabisa kukufundisha kuendesha. Gari lisilokata kona unapoliamuru haliwezi kufaidi mbio, hata ulifunge mota ya bei gani. Pesa ya kwanza ya ziada iende kwenye servo ya stelingi.

Na kabla hujauliza bei dukani, jua mambo mawili: gari lako lina uzito gani na matairi ya aina gani, na ni umeme kiasi gani utakaoifikia servo. Ukiyajua hayo, nusu ya servo zilizoko kabatini zinajiondoa zenyewe.

Tuanze na kilichomo ndani ya kiboksi. Kuna mota ndogo ya umeme, msururu wa gia unaopunguza mwendo na kuongeza nguvu, kuna potenshometa iliyoshikana na shafti ya mwisho, na saketi inayosimamia kazi yote. Risiva, kile kifaa kinachopokea amri za rimoti, inaipelekea saketi mipigo ya umeme, kwa kawaida 50 kila sekunde. Urefu wa mpigo ndio amri yenyewe: milisekunde 1.5 maana yake kaa katikati, kuelekea 1 ni upande mmoja, kuelekea 2 ni upande wa pili. Saketi inasoma potenshometa ijue shafti iko wapi, inalinganisha na amri, kisha inaisukuma mota mpaka viwili hivyo vilingane. Servo inayotetemeka, isiyorudi katikati, au inayounguruma bila kusogea ina hitilafu mahali fulani katika mzunguko huo, na ukiuelewa utajua pa kutazama.

Sasa namba za kwenye boksi. Ya kwanza ni nguvu ya kuzungusha, inayoandikwa kg-cm. Servo ya 4 kg-cm inaweza kuzuia uzito wa kilo 4 ulioning'inizwa sentimita 1 kutoka katikati ya shafti. Ukiurefusha mkono wake hadi sentimita 2, kilo zinabaki 2. Shika ndoo ya maji karibu na kifua, kisha inyooshe mbali na mwili: uzito ni uleule, bega ndilo linalolia. Kwa hiyo mkono mrefu wa servo unaongeza umbali wa kusogea kwa fimbo za stelingi na papo hapo unapunguza nguvu inayofika kwenye magurudumu. Maboksi ya Kimarekani mara nyingi huandika kwa aunsi na inchi; gawanya namba hiyo kwa 14 utapata kg-cm kwa ukaribu wa kutosha.

Jambo ambalo boksi halisemi waziwazi ni kwamba namba hiyo ni ya mahali ambapo servo imekwama, pale inapotoa nguvu yake ya mwisho na kumeza umeme mwingi kuliko wakati mwingine wowote. Kazi ya kila siku haifanyiki pale. Unataka servo ambayo gari lako linaitumia sehemu tu ya uwezo wake, ibaki na akiba ya siku tairi litakaponasa kwenye jiwe.

Bagi ya umeme ya kipimo cha moja kwa kumi, ikiwa tayari na betri, huwa na kilo moja na nusu hivi, nyingine zaidi kidogo. Chukua mfano wa Futaba S3003, servo ya kawaida ambayo imefungwa kwenye magari mengi ya wanaoanza duniani kote. Inatoa 3.2 kg-cm kwa volti 4.8 na 4.1 kwa volti 6, ina gia za plastiki, ina uzito wa gramu 37. Kwenye bagi inayosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma, kama DT-03 ya Tamiya, na mota yake ya asili, servo hiyo inafanya kazi. Utaiona ikipambana gari likiwa limesimama juu ya zulia au lami, kwa sababu tairi lisilobingirika ndilo gumu kuligeuza kuliko yote. Gari likishaanza kwenda mzigo unapungua. Kwa anayejifunza uwanjani nyumbani, sitamwambia aitupe.

Lakini kama ndiyo unanunua leo, mimi ningekwenda juu zaidi. Kwa bagi inayosukumwa na magurudumu mawili, tafuta 6 kg-cm au zaidi. Kwa bagi inayosukumwa na magurudumu yote manne, mfano TT-02B, magurudumu ya mbele yanavuta na kugeuka kwa pamoja, matairi yake yanauma ardhi, na servo inapata kazi zaidi. Hapo anzia 8 au 9. Ukibadilisha matairi ukaweka mapana yenye meno marefu, ongeza tena. Ninaposema namba hizi nina maana ya zile za volti utakazotumia wewe. Muuzaji hupenda kukutajia ile kubwa iliyopimwa kwa volti 7.4 au 8.4, na gari lako huenda linatoa 6 tu.

Namba nyingine ni kasi: sekunde ambazo shafti inatumia kuzunguka nyuzi 60 bila mzigo. S3003 inatumia sekunde 0.23 kwa volti 4.8, na 0.19 kwa volti 6. Servo za mashindano ziko karibu na 0.10 au chini yake. Tofauti ya sehemu moja ya kumi ya sekunde inaonekana ndogo hadi uipigie hesabu uwanjani. Gari linalokwenda kilomita 36 kwa saa linakata mita 10 kila sekunde. Ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde limeshasogea mita nzima, na bagi yenyewe ina urefu wa sentimita 40 tu. Maana yake, umeamuru kona hapa, gari linaimaliza amri mbele zaidi ya urefu wake mara mbili. Kwa mota ya kawaida, 0.15 ni kasi nzuri. Ukija kufunga mota kali baadaye utaelewa kwa nini nimekuambia servo ianze.

Kati ya nguvu na kasi, kama pesa inalazimisha uchague moja? Nguvu. Servo dhaifu yenye kasi kubwa huwa na kasi hiyo ikiwa mezani. Ikikutana na tairi lililobanwa na ardhi inapoteza mwendo wote.

Mnaweza kuipima nguvu hiyo nyumbani, na ningependa mfanye hivyo kabla ya kuiamini karatasi ya boksi. Bana servo kwenye ukingo wa meza kwa jiliwa au vipande viwili vya mbao. Funga mkono wenye tundu lililo sentimita 2 kutoka katikati ya shafti, tundika chupa ya maji kwa uzi, mkono ukiwa umelala sawasawa na sakafu, kisha iamuru iinue. Lita moja ya maji ni kilo moja. Chupa ya lita mbili kwenye sentimita 2 ni 4 kg-cm. Kidumu cha lita tano ni 10. Servo inayodai 20 ikashindwa na kidumu cha lita tano imekwisha kujieleza. Ikikwama usiiache ihangaike, iondolee mzigo ndani ya sekunde moja au mbili, maana huko ndiko mota na saketi huungulia.

Sasa tufike kwenye umeme, na hapa ninawaomba utulivu, kwa sababu servo nyingi zinazoitwa mbovu zilikuwa na njaa tu.

Servo haiunganishwi na betri kubwa ya gari. Betri inakwenda kwenye kidhibiti mwendo, na ndani ya kidhibiti kuna saketi ya kupunguza volti inayolisha risiva na servo. Kwenye karatasi ya maelezo inaandikwa kwa herufi tatu, BEC, na mbele yake utaona volti na ampea. Zisome. Vidhibiti vya bei nafuu hutoa volti 5 au 6 na ampea chache sana. Servo kubwa ya kidijitali yenye gia za chuma inaweza kuvuta ampea mbili na nusu ikikwama, nyingine zaidi. Mahitaji yakizidi uwezo, volti inaporomoka, risiva inazimika kwa kufumba na kufumbua, kisha inawaka tena. Wewe unachokiona ni gari kupoteza fahamu kwenye kona, kila mara kona, kwa sababu pale ndipo stelingi na mota vinapodai kwa pamoja. Vijana wanabadilisha rimoti, wanabadilisha betri, wanamlaumu aliyewauzia servo. Dawa iko kwenye ile karatasi ambayo haikusomwa.

Kuna saketi za kupunguza volti kwa kuigeuza ziada kuwa joto. Hesabu yake ni rahisi: betri ya lipo ya seli mbili ikijaa ina volti 8.4, servo inapewa 6, tofauti ni 2.4, servo ikivuta ampea 2, wati 4.8 zinakuwa joto ndani ya kidhibiti kidogo kuliko kiberiti. Ukiweka seli tatu, volti 12.6 zikijaa, joto linapita wati 13. Saketi za aina ya pili hukata umeme vipande vipande kwa haraka na hazipotezi hivyo. Kidhibiti kizuri kitakuambia kina aina gani. Kikiwa na uwezo mdogo, nunua saketi ya volti inayokaa peke yake, iunganishe na betri na iilishe risiva, na uchomoe ule waya mwekundu wa katikati kwenye plagi ya kidhibiti ili vyanzo viwili visigongane. Kama mtikisiko ni mdogo, kapasita ya maikrofaradi 4,700 iliyochomekwa kwenye nafasi tupu ya risiva husaidia kuziba mapengo mafupi. Haiwezi kuibeba servo ambayo kila siku inadai zaidi ya inachopewa.

Upande wa pili wa jambo hilohilo: servo iliyoandikwa 4.8 hadi 6 usiipe 7.4. Zipo zilizotengenezwa kwa volti kubwa, boksi litasema hadi 7.4 au 8.4, na hizo tu ndizo za kupewa. Ukiwa na kidhibiti chenye swichi au programu ya kuchagua volti ya kutoa, angalia imekaa wapi kabla ya kuchomeka chochote.

Gia. Hapa ndipo maswali yenu yamekuwa mengi, na wengi wenu mmeshaamua kwamba chuma ni bora kuliko plastiki. Ni kweli kwa kiasi. Gia za plastiki ni nyepesi, hazina kelele, zikiwa mpya hazina ulegevu, na zikigongwa vibaya jino linakatika. Gia za chuma zinastahimili kipigo, ingawa laini kama za shaba au aluminiamu huchakaa na kuanza kucheza. Ukishika mkono wa servo na kuutikisa unasikia tiki-tiki. Ulegevu huo ukifika kwenye matairi gari haliendi moja kwa moja tena, linatangatanga na wewe unalifukuza kwa usukani. Chuma cha pua au titani kinadumu zaidi na bei yake inajionyesha. Kwa bagi inayoruka na kugonga, nanunua chuma. Kwa mdogo wangu wa miaka kumi anayeendesha taratibu uani, plastiki inatosha, mradi gia za akiba zinapatikana.

Ila gia za chuma zisiwadanganye mkaacha kile kijikono chenye springi kinachokaa kati ya servo na fimbo za stelingi. Kiiteni kiokozi cha servo, maana kazi yake ni hiyo. Gurudumu la mbele likigonga ukuta, springi inajipinda, pigo linaishia hapo. Bila kiokozi, pigo linapita kwenye gia. Zikiwa ngumu mno kuvunjika, linahamia kwenye vigingi vya plastiki vilivyoshika servo kwenye chesisi. Gia unaweza kununua. Chesisi iliyopasuka ni kazi ya kubomoa gari lote.

Kuna kasoro upande wa pili pia. Kiokozi cha plastiki kinachokuja ndani ya seti nyingi za Tamiya ni laini. Ukifunga servo ya 10 kg-cm, springi inajipinda kabla magurudumu hayajageuka, na ile nguvu uliyoilipia inapotea njiani. Dalili yake: servo inazunguka hadi mwisho, magurudumu yanachelewa au yanaishia katikati, hasa gari likiwa chini. Watu wengi hufunga kiokozi kigumu ambacho Tamiya yenyewe inakiuza kando, na mimi pia ningefanya hivyo siku ileile ya kununua servo. Nasisitiza kwa sababu ni kifaa kidogo cha bei ndogo, na bila hicho mtaapa kwamba servo mpya haina tofauti na ya zamani.

Kisha kuna meno ya shafti. Mkono au kiokozi unaingia kwenye shafti yenye meno madogo, na idadi yake hailingani kwa watengenezaji wote. Futaba wana 25, na servo nyingi za Kichina na za Savöx zinafuata hiyohiyo. Hitec kwa kawaida wana 24. Sanwa na KO wana 23. Mkono wa meno 24 unaweza kulazimishwa kwenye shafti ya 25, ukaingia, ukakaa, na siku ya kwanza ya kugonga ukazunguka bure. Seti za Tamiya hutoa vipande viwili au vitatu vya kuchagua, na kijitabu kina jedwali la kuonyesha kipi ni cha servo ipi. Kaeni na jedwali hilo. Kama servo yenu haina jina linalojulikana, hesabuni meno chini ya mwanga mzuri, mkiweka alama ya wino mahali mlipoanzia.

Najua wengi hamtaagiza kutoka Japani. Mtakwenda Luthuli Avenue pale Nairobi au Kariakoo pale Dar es Salaam, kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki, na mtakuta servo zilezile wanazotumia wanafunzi wa roboti. Siwakatazi. MG996R, kwa mfano, ina ukubwa wa kawaida unaoingia kwenye bagi, gia za chuma, gramu 55, na karatasi yake inasema 9.4 kg-cm kwa volti 4.8 na 11 kwa volti 6. Tatizo ni kwamba viwanda vingi vinachapa jina hilo, na mbili zilizokaa kwenye boksi moja zinaweza kuwa na tabia tofauti. Ndiyo maana nimewafundisha kidumu cha maji. Ile ndogo ya buluu, SG90, ya gramu 9, iacheni. Kazi yake iko kwenye ndege za povu na mikono midogo ya roboti.

Dukani humo kuwa makini na jambo hili zaidi ya jina. Servo za roboti huuzwa kwa matoleo ya nyuzi 180, nyuzi 270, na nyingine zinazozunguka bila kikomo. Sura ni moja, boksi mara nyingi ni moja. Ile inayozunguka bila kikomo haijui mahali ilipo, haiwezi kabisa kuwa stelingi. Ya nyuzi 270 inasogea mno kwa kila mguso wa rimoti, gari linakuwa na wasiwasi mkononi na fimbo zinagonga ukomo wake haraka. Chukua ya nyuzi 180 au pungufu, na mwambie muuzaji aijaribu mbele yako. Maduka mengi yana kifaa kidogo cha kupimia servo chenye kitufe na kirungu cha kuzungusha. Iende kushoto, iachie irudi katikati. Iende kulia, irudi. Kama inasimama mahali pawili tofauti, irudishe. Sikiliza kama kuna mkwaruzo. Tikisa mkono wake taratibu uone ulegevu. Muuzaji akikataa kujaribu, duka la pili liko hatua chache mbele.

Kuhusu analogi na dijitali sitakaa sana. Ya dijitali inasahihisha mahali pake mara nyingi zaidi kwa sekunde, kwa hiyo inashikilia imara na kuitikia mguso mdogo. Inakula umeme zaidi na huvuma kidogo hata ikiwa imetulia. Ya analogi ni tulivu na nafuu. Kosa kubwa ni kuwasha hali ya mawasiliano ya kasi kwenye rimoti za kisasa za mashindano huku umefunga servo ya analogi: mipigo inaifikia kwa kasi isiyoiweza, inapata moto na kuungua. Kama una analogi, acha rimoti kwenye mpangilio wa kawaida.

Vumbi na maji mnavifahamu kuliko waandishi wa vijitabu. Barabara zetu za maramu zinatoa unga mwekundu unaoingia kila mahali. Servo yenye pete za mpira kwenye viungo vya boksi lake na kwenye shafti inastahili kulipiwa zaidi. Kama yako haina, usiendeshe kwenye madimbwi, na ukimaliza safisha kwa brashi kavu.

Wasichana mlioniandikia kwamba kaka zenu wanawaambia muwasubiri wao wafunge: msisubiri. Bisibisi ya nyota inayoingia sawasawa kwenye skrubu, kijitabu na subira ndiyo mahitaji yote.

Sasa kufunga. Kabla servo haijaingia kwenye gari, iunganishe na risiva, washa rimoti kwanza kisha gari, na uhakikishe vitufe vya kurekebisha katikati ya usukani kwenye rimoti viko sifuri. Servo itajipeleka katikati. Hapo ndipo ufunge kiokozi, kikiwa kimesimama wima kama mchoro unavyoonyesha au karibu na hivyo kadiri meno yanavyoruhusu. Anayefunga bila kufanya hivi atageuza kushoto vizuri na kulia nusu. Waya wa rangi nyeupe, njano au ya chungwa ndio wa amri, mwekundu wa katikati ni umeme, mweusi au kahawia ni hasi. Skrubu ya katikati ya shafti ikiwa inaingia kwenye chuma, tone dogo la gundi ya skrubu linafaa. Isiguse plastiki, huipasua.

Urefu wa fimbo za stelingi fuateni kijitabu kwa milimita. Kisha weka gari chini, geuza hadi mwisho kushoto, usikilize. Kama magurudumu yamefika ukomo na servo inaendelea kuunguruma, inasukuma kitu kisichosogea, na inavuta umeme wake wote kwa kazi ya bure. Punguza mwisho wa safari yake kwenye rimoti mpaka mlio ukome, kisha fanya hivyo upande wa kulia. Pande mbili hazilingani mara nyingi, kila mmoja na namba yake. Rimoti isiyo na mpangilio huo itakulazimu kuhamisha fimbo kwenye tundu la ndani zaidi la mkono. Baada ya mbio za dakika tano, gusa servo kwa kidole. Joto la kawaida ni sawa. Kama huwezi kuacha kidole hapo, rudi kwenye mwisho wa safari, kisha angalia kama kuna beringi au bushi ya gurudumu iliyokaza, kabla hujafikiria servo kubwa zaidi.

Wawili kati yenu mna bagi kubwa za moja kwa nane, za injini ya mafuta ya nitro. Kwenu hesabu inabadilika. Gari lina kilo tatu na zaidi, kwa hiyo stelingi isiwe chini ya 20 kg-cm. Na mna servo ya pili, inayofungua kabureta upande mmoja na kukaza breki upande wa pili. Hiyo inataka kasi na urejeaji sahihi wa katikati. 10 kg-cm na gia za chuma zinatosha. Umeme wenu unatoka kwenye betri ndogo ya risiva, na ikiisha katikati ya mbio injini haizimiki, gari linaendelea na kilo zake tatu kuelekea kwa watu. Fungeni springi ya kurudisha kabureta, na wekeni ulinzi wa kupotea kwa mawasiliano kwenye rimoti ukiwa unavuta breki. Zimeni rimoti gari likiwa juu ya kigoda, injini haijawashwa, muone kwa macho kabureta ikifunga.

Mnaponiandikia tena, msinitajie servo mliyoipenda peke yake. Nitajieni jina la gari, kama linasukumwa na magurudumu mawili au manne, betri ya seli ngapi, maandishi ya volti na ampea kwenye kidhibiti chenu, na matairi mliyofunga. Kwa hayo nitawajibu kila mmoja kwa gari lake.